Mgeni Kwenye Meza ya Porzia

Asubuhi ile meli mbili za watalii zilitia nanga Bari kwa wakati mmoja, na uchochoro wetu ukajaa watu hadi ukashindwa kupitisha hata paka. Wanaume wa kaptura, wanawake wa kofia pana, wote wakitembea kwa hatua za maharusi, simu juu, wakipiga picha za meza zetu. Kila mlango una meza yake, na kila meza ina mwanamke wake: anakata kipande cha unga, anakiburuta kwa kisu butu, anakigeuza juu ya kidole gumba, na tayari kijisikio kimoja kimeanguka kwenye sinia. Hizo ndizo orekiete, tambi zetu za umbo la sikio. Anayezijua hazitazami anapozitengeneza. Anatazama wapita njia.

Porzia Lorusso alikuwa mlango wa nne. Miaka thelathini na miwili, mrefu, amevaa gauni la pamba la bluu lisilo na mikono na aproni iliyokuwa nyeupe alfajiri. Nywele zake nyeusi alikuwa amezibana kwa penseli. Tangu saa moja alikuwa kwenye kiti hicho hicho, mgongo ukutani, magoti chini ya meza, na mbele yake umati umeziba njia pande zote mbili. Kama angetaka kuondoka asingepata pa kupitia.

Nyuma yake, ndani ya pazia la shanga, sauti ya mama yake iliita. "Porzia, umekunywa maji?"

"Nimekunywa, mama."

Hapo ndipo mtu mmoja alipojikwaa, akamsukuma wa mbele yake, na wa mbele yake akaangukia meza. Mkono wake wa kulia ulizama katikati ya sinia.

"Samahani sana, bibie. Nimesukumwa."

"Wote husema wamesukumwa," Porzia alisema bila kuacha kukata unga. "Toa mkono taratibu. Usizidi kuziua."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita hivi, mwenye miwani, shati la kitani lililopigwa pasi, na viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba katika joto la Agosti. Alitoa mkono. Vijisikio kumi na viwili vilikuwa vimebonyea na kuwa chapati.

"Nitazilipia."

"Hizi hazilipiwi, ndugu yangu. Zinakaliwa." Aliisukuma kwa mguu stuli iliyokuwa chini ya meza. "Kaa hapo utengeneze nyingine kumi na mbili."

Watalii wakacheka. Mtu yule akatazama kulia na kushoto, akaona hana njia, akakaa. Kabla ya kugusa unga aliinama kidogo akachungulia chini ya sinia, kisha akatazama jua limefika wapi, kisha nzi.

"Unatafuta nini chini ya meza yangu?"

"Mazoea mabaya tu," alisema, akaona haya.

Jina lake lilikuwa Oreste Carminati, wa Bergamo, kule juu kabisa kaskazini, na kazi yake ilikuwa ukaguzi wa afya ya vyakula. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameingia jikoni mwa watu na kipimajoto na daftari. Alipoingia, watu walinyamaza. Hata majirani zake hawakumkaribisha chakula, maana nani anataka kumpakulia mchuzi mtu anayeuhesabia vijidudu? Alikuwa anakula peke yake, ugali wa mahindi na jibini, amesimama mbele ya sinki. Likizo hii ilikuwa ya kwanza baada ya miaka mitatu, na alikuwa amejiapiza kutomwambia mtu kazi yake.

"Hili si sikio," Porzia alisema, akiinua sikio la kwanza la Oreste. "Hili ni kidonda."

"Na hili?"

"Hilo ni sikio, ila la mtu aliyepigwa."

Mlango wa tatu, jirani Vita, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia samaki, akaingilia. "Mwache, Porzia. Watu wa kaskazini vidole vyao vimezoea kuhesabu, si kushika."

Ilipofika saa saba Oreste alikuwa amepata masikio kumi na mawili yanayofanana na masikio. Watalii walikuwa wamerudi melini kula. Porzia aliingia ndani, akatoka na sahani mbili: orekiete kwenye mchuzi wa nyanya mbichi na majani ya rihani, juu yake jibini kavu lenye chumvi. Oreste aliitazama ile sahani. Hakuuliza maji yamechemka kiasi gani. Alichota, akala, akachota tena, uso ameinamisha.

"Mbona kanyamaza?" sauti ikauliza ndani ya pazia. "Hajapenda?"

"Anakula, mama."

"Anayekula kwetu husema kitu."

"Sema kitu, bwana," Porzia alimnong'oneza. "Hatatuacha."

"Naogopa nikifungua mdomo kitaisha," Oreste alisema, na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

Mara mkono mnene wa mama, uliofungwa kitambaa cha sufi mpaka kwenye vidole, ukatokeza kati ya shanga na kipande cha mkate. "Mpe akombee mchuzi."

*

Alikuwa ameomba chumba kwa siku mbili. Alikaa kumi na moja.

Porzia akamlisha Bari kama mtu anayemfunza mtoto kusoma. Siku ya pili alimpeleka kwa mwanamke wa upande wa kanisa anayekaanga vipande vya ugali wa mahindi ndani ya sufuria nyeusi mlangoni kwake.

"Huu ni ugali wetu," Oreste alisema, akihamisha kipande cha moto kutoka mkono huu kwenda mwingine. "Sisi tunaula laini. Ninyi mmeufanya nini?"

"Tumeuondolea huzuni. Tia chumvi."

Siku ya nne ilikuwa wali wenye viazi na kome, vimepangwa tabaka kwa tabaka na kuokwa mpaka juu pakawa pa kahawia. Siku ya tano tambi zilizounguzwa makusudi kwenye kikaango cha chuma, nyekundu kwa pilipili, nyeusi pembeni, zikimkwaruza meno. Machozi yalimtoka, akaomba tena. Siku ya sita walikwenda gatini, ambako wavuvi huwapiga pweza kwenye mawe na kuwasukasuka ndani ya karai mpaka wajikunje kama maua. Pweza mbichi. Oreste alikishika kile kipande muda mrefu.

"Ukiogopa, sema," Porzia alimwambia. "Sitakucheka. Nitawasimulia tu watu wote wa mtaa."

"Mwenzangu, hujui unaniomba nini."

"Nakuomba umeze."

Akameza. Akatabasamu taratibu, kama mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingo. Porzia akamfuta mdomo kwa pindo la aproni, na mkono wake ukachelewa kuondoka.

Simu yake ikalia.

"Uko wapi?"

"Gatini, mama. Dakika kumi tu."

"Umesema kumi dakika ishirini zilizopita. Kifuniko cha nyanya hakifunguki, mikono yangu unaijua."

"Nakuja."

Ilikuwa hivyo kila siku. Wakifika ukuta wa bahari, simu. Wakifika kona ya soko, simu. Oreste alianza kuujua urefu wa kamba aliyofungwa nayo Porzia: ilifika gatini, haikufika kituo cha treni. Na pasipokuwa na simu palikuwa na macho. Uchochoro wetu ni mwembamba kiasi kwamba ukikohoa kwako, wa mbele anakwambia pole. Vita alikuwa akihesabu mara ngapi yule mgeni amecheka. Nguo zilizoanikwa juu zilifunika mbingu. Porzia alipokaa mezani alihisi kuta zimesogea unene wa kidole kuliko jana, na usiku alilala chumba kimoja na mama yake, madirisha yamefungwa kuzuia joto lililokwisha kuingia.

Siku ya nane walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa bahari, na Oreste akamuuliza kwa nini hakuwahi kuondoka.

"Nilikaribia," alisema. "Miaka minane iliyopita nilifaulu mtihani wa kuendesha treni. Usicheke."

"Sijacheka."

"Nilitakiwa kwenda kwenye mafunzo Jumatatu. Jumatano ya kabla yake mikono ya mama ikafunga. Asubuhi aliamka vidole vimejikunja, hawezi kushika kijiko. Daktari akasema ni baridi yabisi. Baba alikwisha fariki, kaka yangu yuko Ujerumani na watoto watatu. Nikaandika barua kwamba siendi." Alikuwa akisugua unga uliokauka kwenye kiwiko. "Sijuti. Yeye ni mama yangu. Ila kuna siku nikisikia treni ya saa kumi na moja inapiga honi, naacha kukata unga mpaka ipite."

Oreste akamshika ule mkono wenye unga. Wakabusiana pale, saa sita mchana, mbele ya mvulana wa baiskeli na watawa wawili.

"Porzia, mpenzi, na mimi kuna jambo nataka kukwambia. Kuhusu kazi yangu."

"Makaratasi ya ofisini. Ulishasema."

"Ndiyo, lakini makaratasi yenyewe..."

Simu ikalia. Ilikuwa mara ya nne tangu watoke.

"Utaniambia njiani," Porzia alisema akiinuka. Njiani walikuwa na Vita, aliyetoka sokoni na tikitimaji, na Oreste hakusema.

*

Alhamisi, siku ya kumi, uchochoro ulikuwa unaandaa harusi. Binti wa muoka mikate alikuwa anaolewa Jumamosi, wageni mia moja na ishirini, na orekiete zote zilikuwa zimeagizwa kwa Porzia. Masinia kumi na manne yalikuwa yamekauka vizuri, yamepangwa juu ya viti. Oreste alikaa kwenye stuli yake, amekunja mikono ya shati, anaburuta unga.

Saa nne wakaja wakaguzi wa chakula wa mjini, watatu, wenye fulana za kazi na mifuko ya plastiki. Hawakuwa wakali. Walisema kile walichosema kila walipokuja: pasta isiyo na lebo haiuzwi kwenye sherehe wala hotelini, lazima ijulikane unga umetoka wapi na imetengenezwa lini, tena si barabarani. Wakaanza kumimina masinia ndani ya mifuko. Wanawake walisimama milangoni mikono viunoni. Porzia hakusimama, meza ilikuwa imembana.

Mmoja wa wale wakaguzi, kijana mnene mwenye uso wa kirafiki, akafika kwenye stuli akasita.

"Carminati? Oreste Carminati wa Bergamo? Tulisoma pamoja kozi ya ukaguzi Roma." Akacheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe na wewe uko kazini huku?"

Oreste alikuwa na kijisikio juu ya kidole gumba.

"Niko likizo," alisema.

"Likizo nzuri," Vita alisema kutoka mlango wa tatu, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya. "Siku kumi anachungulia chini ya meza zetu. Porzia, mwanangu, umemlisha jasusi kwa mkono wako mwenyewe."

Porzia alimtazama Oreste. "Wewe ni mkaguzi?"

"Ndiyo. Lakini si mimi niliyewaita. Naomba unisikilize."

"Siku kumi nimekusikiliza ukisema makaratasi."

"Nilitaka nile kama mtu. Mara moja tu. Ningekwambia ningelishwa na nani?"

"Inuka kwenye kiti changu," alisema. Aliinuka. Porzia akaisogeza meza kwa nyonga, akapita, akaingia ndani, akafunga mlango wa mbao ambao Agosti nzima haukuwahi kufungwa mchana.

Oreste alipiga simu mara kumi na moja siku ile. Simu ya Porzia iliwaka na kuzima juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu baba.

"Pokea umtukane basi," mama yake, Mama Ninetta, alisema kutoka kitandani.

"Sina tusi lake."

"Nilikwambia tangu mwanzo. Wageni wanakula, wanafuta mdomo, wanaondoka. Anayebaki ni mama." Akanyoosha ile mikono iliyofungwa sufi. "Njoo unifungue vifungo."

Porzia akaenda akamfungua vifungo, kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa miaka minane. Nje wanawake walikuwa wakizungumza chini ya dirisha, na kila mara jina lake lilipopita sauti ziliteremka. Aliwaza kwamba kesho atakaa kwenye kiti kile, na kesho kutwa, na watu watanunua kwa Vita, na mpaka atakapokuwa na umri wa mama yake atakuwa yule aliyemlisha mkaguzi.

*

Ijumaa kabla ya jua kuwaka muoka mikate aligonga mlango. Hakulaumu. Alisema tu kwamba harusi iko palepale, atawaweka wageni uani kwake kama watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani hula pasta inayotoka nyumbani. Je, itawezekana? Porzia alisema itawezekana, ingawa alijua mikono miwili haitoshi. Akafanya kazi tangu alfajiri, mlango umefungwa, jasho likimdondoka kidevuni. Saa nane unga ukaisha. Akachukua kikapu kwenda kwa muuza unga kabla hajafunga duka kwa mapumziko ya mchana.

Alifika kona akakumbuka kwamba ameacha pochi. Akarudi. Uchochoro ulikuwa mtupu, madirisha yote yamefungwa, watu wamelala. Alikuwa amevaa viatu vya kamba visivyolia. Akausukuma mlango, akashika shanga za pazia ili zisigongane, asimwamshe mama.

Mama hakuwa amelala.

Mama Ninetta alikuwa amekaa mezani, vitambaa vya sufi viko mapajani, anatengeneza orekiete kwa kipande cha unga kilichobaki. Kisu kilikuwa kinakimbia. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vinageuza, kulia, kushoto, kulia, haraka kuliko Porzia alivyowahi kuweza maishani mwake. Vilikuwa vidole vinene, vyekundu, vizima. Alikuwa anaimba kwa pua.

Porzia alihisi shanga za pazia zimemkata viganjani.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kisu kikasimama. Mama hakugeuka. Alichukua kitambaa kimoja cha sufi kana kwamba anaweza kukivaa tena, akakiweka chini.

"Mwaka ule iliniuma kweli," alisema. "Naapa kwa kaburi la baba yako. Miezi saba nilikuwa siwezi kushika kijiko."

"Na mwezi wa nane?"

"Mwezi wa nane vidole vikaanza kufunguka. Nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili ikaja, umenipikia, tumecheka. Nikasema ijayo." Sasa aligeuka. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko kawaida. "Kaka yako aliondoka akasema atarudi Krismasi. Zimepita Krismasi kumi na tano. Ningekwambia nimepona ungefanya nini?"

"Ningeondoka."

"Basi."

Porzia akavuta stuli akakaa upande wa pili wa meza. Alitaka kupiga kelele, ikaja sauti ndogo. "Mama, nimekufunga viatu miaka minane. Nimekukatia nyama. Nilikuwa naomba Mungu akuponye. Kila siku, na wewe uko kitanda cha pili unanisikia."

Mama Ninetta akaweka ile mikono mizima juu ya meza, viganja juu. Machozi yakamwangukia mmoja wao, na hakuufuta.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, na Vita akaingia bila kungoja, ameshika karatasi zilizoandikwa kwa kalamu.

"Jasusi wako alikuja kwangu saa tano," alisema. "Nimemtukana mpaka nimechoka. Amesimama tu. Nilipomaliza akaniomba meza, akaandika hizi." Akaziweka mbele ya Porzia. "Namna ya sisi wote kukodi chumba kimoja chenye vigae, barua tuipeleke wapi, lebo iseme nini, nani wa kumwona. Mpaka maneno ya kumjibu karani ameandika. Kurasa sita. Anasema mjini amemwuliza yule mnene, akaambiwa wameletewa malalamiko na hoteli tangu Juni, kabla yeye hajaijua Bari iko wapi. Nami nimekwenda kuuliza. Ni kweli." Vita akavuta pumzi, akaona ile mikono mezani, akaona unga kwenye vidole vya Mama Ninetta. "Anaondoka na treni ya saa tisa na nusu," alisema mwishowe, akatoka kinyumenyume.

Saa juu ya kabati ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Porzia alichukua simu.

Ililia mara moja tu.

"Porzia?"

"Kwa nini hukuniambia pale ukutani?"

"Nilianza. Simu ikalia." Nyuma yake palisikika kipaza sauti cha kituo. "Na nilipopata nafasi nyingine niliogopa. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo, mpenzi."

"Ni mbaya."

"Najua."

"Mimi jana nilifikiri wewe ndiye uliyenidanganya kuliko wote." Alimtazama mama yake. "Kumbe hata robo hujafika. Treni yako jukwaa la ngapi?"

"La nne. Unakuja kuniaga?"

Porzia alikata simu, akavua aproni, akaitundika kwenye kiti. Akachukua pochi na koti jepesi.

"Na harusi?" mama aliuliza kwa sauti ya mtu anayezama. "Masinia kumi na manne."

"Mikono unayo, mama," Porzia alisema. Hakusema kwa hasira. Akainama akambusu kwenye utosi, akatoka.

*

Treni ilikuwa ya Agosti, imejaa hadi kwenye vijia, watu wameketi juu ya mabegi. Walipata nafasi ya kusimama karibu na mlango wa choo. Porzia alikuwa na unga kwenye nyusi na hakuwa na tiketi. Kondakta aliwatazama wawili wale, akamwandikia moja bila kuuliza anaenda mpaka wapi, akaandika Bergamo.

"Nilifikiri umekuja kuniaga," Oreste alisema kwa mara ya tatu.

"Ukirudia tena nitashuka."

Alinyamaza mpaka treni ikatoka nje ya mji, mizeituni ikaanza kukimbia dirishani. Kisha akamwuliza, akiwa amebanwa kati ya begi la mtu na mlango wa choo, kama angekubali kuolewa naye. Nyumba yake ina vyumba vitatu. Jiko lina dirisha.

Porzia akamshika mashavu. "Oreste. Nimetoka kwenye chumba nilichofungiwa miaka minane, saa moja iliyopita. Usinionyeshe kingine sasa hivi, hata kiwe na dirisha."

"Hiyo ni hapana?"

"Hiyo ni hebu kwanza nivute pumzi."

Oreste akacheka, ingawa jibu lilimchoma, akamwachia dirisha asimame yeye.

Simu ya Porzia ililia walipopita Barletta. Aliitazama muda, akapokea. Kwanza alisikia kisu kwenye ubao, kisha sauti ya Vita ikigombana na mtu kuhusu chumvi, kisha sauti za wanawake wengine, wengi. Uchochoro mzima ulikuwa ndani ya chumba chao.

"Uko wapi?"

"Barletta, mama."

"Umekula?"

"Bado."

Kisu kikaendelea kidogo. "Tumefika sinia la tisa," Mama Ninetta alisema. "Usikae na njaa." Na akakata simu.

Porzia akasimama na ile simu kifuani mpaka Foggia. Analia au anapumua, Oreste hakuweza kujua, na hakuuliza.

Jioni, jua bado liko juu ya maji, treni ikasimama Ancona. Porzia akafunga vifungo vya koti lake.

"Nashuka hapa," alisema.

"Ancona? Unamjua nani Ancona?"

"Simjui mtu. Ndiyo maana." Akambusu mbele ya watu wote wa kijia, taratibu, hakuna simu iliyolia. "Nitalala usiku mmoja mahali ambapo hakuna mtu anayejua niko. Kesho nitarudi niongee na mama. Usinipigie. Nitakupigia mimi."

Treni ilipoondoka Oreste alimwona jukwaani, mrefu, penseli kwenye nywele, akitazama kushoto, akitazama kulia, akishindwa kuchagua, akicheka peke yake.

Porzia alimpigia Jumapili. Akampigia kila Jumapili. Septemba aliomba tena kazi ya reli, Novemba akaanza mafunzo kwenye mji ambao haukuwa Bari wala Bergamo, katika chumba cha kupanga ambacho ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Oreste alikwenda kumtembelea kila alipoitwa, na alipoitwa alipakuliwa chakula. Kwetu, wanawake saba walikodi chumba chenye vigae vyeupe karibu na ukuta wa bahari. Mama Ninetta hukaa meza ya mbele, na ndiye mwenye kasi kuliko wote. Habari ya vitambaa vya sufi haizungumzwi, ila yeye mwenyewe aliizungumza alipokwenda kuungama, na kwa binti yake, ambaye alichukua muda mrefu kumjibu.

Mwaka wa pili, siku moja ya Aprili, simu ya Oreste ililia mchana.

"Uko wapi?" Porzia aliuliza.

"Jikoni mwa watu. Nakagua."

"Waambie wakupe kiti."

"Kuna nini?"

"Septemba nina likizo ya wiki mbili. Wiki ya kwanza nataka tuoane. Ya pili sijaipangia kitu."

Porzia alisikia sufuria ikichemka huko alikokuwa Oreste, na watu wakinong'onezana.

"Oreste, upo?"

"Nipo," alisema. "Natafuta kiti."